Mashine ya Maumivu Iazimishwe, Isiuzwe kwa Ahadi

Anayechechemea hafiki mbali stendi kabla hajapata mshauri. Mmoja ana mafuta ya kuchua, mwingine ana mizizi ndani ya chupa ya maji, na siku hizi yupo wa tatu, mwenye kipaza sauti na kimashine cha ukubwa wa simu chenye nyaya mbili na stika nne. Anazibandika stika juu ya goti la mteja, anabonyeza kitufe, msuli unaruka wenyewe, watazamaji wanacheka. "Umesikia?" Amesikia. Hapo ndipo maneno yanapoanza kumiminika: mgongo, ganzi, presha, sukari, kiharusi, nguvu za kiume. Mashine ni ile ile, stika ni zile zile.

Ajabu ni kwamba muuzaji huyo hasemi uongo mtupu. Kifaa alichoshika, ambacho wataalamu wa fiziotherapia wanakiita TENS, kina historia ndefu hospitalini, na kwa baadhi ya watu wenye maumivu sugu ya neva kinapunguza mateso bila kidonge, bila sindano na bila kisu. Tatizo ni mahali kinapouzwa na ahadi zinazokiuza. Mahali pake ni kwenye chumba cha fiziotherapia cha hospitali ya Tumbi pale Kibaha, na cha hospitali ya wilaya ya Kisarawe. Na kutoka hapo kitoke kwa kuazimishwa, kama magongo yanavyoazimishwa.

Maumivu ya neva hayafanani na maumivu ya jino wala ya mkono uliovunjika. Mkono ukivunjika, neva zinapiga kelele kwa sababu kuna la kupigia kelele. Katika maumivu ya neva, aliyeharibika ni mpiga kelele mwenyewe. Mfupa umeunga, upele umekauka, kidonda kimefunga, lakini taarifa zinaendelea kupelekwa kwenye ubongo usiku na mchana. Wagonjwa wanayaeleza kwa maneno yanayokaribiana sana, awe mkulima wa Mzenga au mstaafu wa Picha ya Ndege: miguu inawaka moto, natembea kama nakanyaga pamba, nachomwa pini, shoti inapita kutoka nyongani hadi kisiginoni. Usiku yanazidi. Shuka tu likigusa kidole, mtu anaamka.

Lugha nayo ina mchango wake katika kuwapoteza watu. Kiswahili cha kila siku kinatumia neno moja, mshipa, kwa njia ya damu, kwa neva, na hata kwa ngiri. Mgonjwa akiambiwa "una tatizo la mishipa", anaondoka na picha ya mabomba yaliyoziba, na anayemuuzia dawa ya "kusafisha mishipa" anamkuta tayari ameshaamini. Miezi sita ya kusafisha damu haigusi neva hata moja.

Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba kati ya watu wazima 100, kama 7 hadi 10 wana maumivu sugu yenye sura ya neva. Kwenye daladala yenye abiria 30, hao ni wawili au watatu. Kibaha na Kisarawe zina sababu zake za kuwa na sehemu yake. Barabara ya Morogoro inapita mlangoni pa Tumbi, na hospitali hiyo imekuwa kwa miaka mingi mahali pa kwanza pa kukimbizwa majeruhi wa ajali za barabara hiyo. Gazeti huandika idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa, kisha ukurasa unafungwa. Aliyekatwa mguu anabaki na maumivu ya mguu usiokuwepo. Aliyeumia uti wa mgongo anabaki na mkanda wa moto kiunoni. Bodaboda aliyeangukia bega anabaki na mkono unaoning'inia huku ukimuuma kuliko ule mzima. Ongeza wakwezi wa minazi wanaoanguka, na wachimbaji wa visima na wabeba magunia ambao pingili za mgongo zimebana neva za miguu.

Halafu kuna mkanda wa jeshi. Malengelenge yake yanakauka ndani ya wiki chache, na ndugu wanamshukuru Mungu kwamba mgonjwa amepona, kumbe kwa baadhi, hasa wazee, ubavu unaendelea kuungua kwa miezi au miaka. Fulana inakuwa adui. Kuna pia wale walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi katika miaka ya mwanzo, kuanzia 2004, wakati stavudini ilikuwa ndani ya mchanganyiko wa kawaida. Dawa hiyo iliokoa maisha yao, na iliwaachia wengi wao nyayo zinazowaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwishoni mwa 2009, lakini neva zilizoungua hazikusoma waraka huo.

Na juu ya wote, kisukari. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye vijiji sita vya Tanzania, na watu wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 9 kati ya kila 100 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri wa waliopimwa vinatofautiana, ila mwelekeo hauhitaji darubini. Sukari ikikaa juu kwa miaka, neva ndefu zaidi mwilini ndizo zinaanza kufa, nazo ni zile zinazofika kwenye vidole vya miguu. Kwanza zinawaka, kisha zinanyamaza. Watu huufurahia ule unyamavu kwa kudhani ni nafuu, kumbe ndio wakati mtu anakanyaga msumari asijue, na kidonda kinachofuata ndicho kinachomfikisha kwenye meza ya kukatwa mguu.

Dawa zipo. Amitriptilini ni ya bei ndogo, ilibuniwa kwa ajili ya sonona, na kwa dozi ndogo ya usiku inatuliza neva. Mgonjwa asipoelezwa hayo, siku akisikia kwamba amepewa "dawa ya wagonjwa wa akili" ataitupa. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Neurology ilikuta kwamba kwa dawa za kundi hilo, inabidi kutibu watu karibu wanne ili mmoja apate nafuu ya angalau nusu ya maumivu. Kwa pregabalini, ambayo bei yake ni kubwa zaidi, ni karibu wanane. Hesabu hiyo ikumbukwe, kwa sababu tutairudia mashine itakapowekwa kwenye mizani. Diklofenaki, ambayo watu wanajichomea kama chai ya asubuhi, haina msaada wa maana kwenye neva iliyoharibika, na figo ndizo zinazolipa.

Sasa umeme unaingiaje hapa?

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, inapita Soga, wilayani Kibaha, kwa mwendo unaoweza kufika kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni mita 44 hivi kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa neva nene zinazobeba hisia ya kuguswa. Neva nyembamba zinazobeba maumivu ya kuungua zinatembea kama mtu wa miguu, mita moja hivi kwa sekunde. Zote mbili zinaingia kwenye uti wa mgongo kupitia kituo kimoja. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha hoja kwamba pale kituoni kuna lango, na kwamba msongamano wa taarifa za kuguswa unaweza kulifunga lango hilo kwa taarifa za maumivu. Kila mama anajua jambo hili bila kusoma: mtoto akijigonga goti, analisugua huku akisema pole, na kusugua kunafanya kazi sawa na pole. Hoja ya lango imerekebishwa mara nyingi tangu wakati ule, lakini moyo wake umebaki.

Wall hakuishia kwenye karatasi. Yeye na daktari wa upasuaji William Sweet walijichoma wenyewe sindano kwenye neva iliyo chini ya jicho, wakapitisha umeme mdogo, wakaona uso hausikii tena ncha ya pini. Kisha wakawaendea wagonjwa wanane wenye maumivu makali ya muda mrefu. Katika taarifa yao ya mwaka 1967, wanne kati yao, wote wenye ugonjwa wa neva za pembezoni, walipata nafuu ya zaidi ya nusu saa baada ya umeme wa dakika mbili tu. Mapigo yalikuwa 100 kwa sekunde, na kipimo hicho bado kimo kwenye mashine za leo, ila sindano zimeondolewa na stika zimechukua nafasi yake.

Si kwamba wao ndio wa kwanza. Karibu mwaka 47 baada ya Kristo, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba mwenye maumivu ya jongo asimame ufukweni penye maji, taa wa umeme aliye hai awe chini ya nyayo zake, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Wamisri wa kale walimchora kambare wa umeme wa mto Nile kwenye kuta za makaburi, na jina la samaki huyo kwa Kiarabu linatokana na neno lile lile lililokipa Kiswahili neno radi. Kwa hiyo anayedhani tiba ya umeme ni jambo jipya amekosea kwa karne nyingi.

Umeme wenyewe ni mdogo sana. Mkoa wa Pwani umeshapakana na makubwa: Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. TENS nyingi hutumia betri ya volti 9, ile ya mstatili, na kinachopita kwenye ngozi ni makumi ya miliampea kwa vipande vya muda vifupi mno. Nyumba ambayo nguzo za umeme wa vijijini za REA hazijaifikia haikosi chochote hapa.

Je, inafanya kazi? Hapa ndipo muuzaji wa stendi na baadhi ya madaktari wanakosea kwa pamoja, mmoja kwa kuahidi kila kitu, mwingine kwa kutupa kila kitu. Mwaka 2017 mtandao wa Cochrane, unaochambua ushahidi wa tiba bila kumwonea haya mtu, ulikusanya tafiti 15 za TENS kwa maumivu ya neva, zenye washiriki 724. Pale mashine halisi ilipolinganishwa na bandia, maumivu yalishuka kwa pointi moja na nusu hivi zaidi kwenye kipimo cha 0 hadi 10. Lakini tafiti zilikuwa ndogo na zenye kasoro, na wachambuzi wakasema wazi kwamba ubora wa ushahidi ni wa chini kabisa. Kudanganya mtu kwa mashine bandia ni kazi ngumu: anayetekenywa na umeme anajua, na asiyetekenywa naye anajua. Mwaka 2022 uchambuzi mkubwa zaidi, wenye majaribio 381 na watu zaidi ya 24,000 wa maumivu ya kila aina, ulikuta kwamba maumivu yanapungua mashine ikiwa inafanya kazi na muda mfupi baada ya kuzimwa, na kwamba madhara makubwa ni nadra.

Kwa upande wa pili, chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kiliwaambia madaktari mwaka 2016 wasitoe TENS kwa maumivu ya mgongo. Chama cha wataalamu wa neva cha Marekani kiligawa hukumu mwaka 2010: kwa neva zilizoharibiwa na kisukari mashine inapaswa kufikiriwa, kwa mgongo sugu haifai. Yaani inategemea ni maumivu gani. Muuzaji wa stendi, anayeibandika kwenye kila kinachouma, hajali tofauti hiyo.

Pointi moja na nusu zinaweza kuonekana kidogo kwa mtu ambaye hajalala macho wiki tatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na pointi hizo ni wastani: wako wanaoshuka kutoka 8 hadi 3, na wako ambao mashine haiwafanyi lolote. Vidonge navyo, kama ilivyoonekana, vinasaidia mmoja kati ya wanne au wanane. Hakuna anayependekeza amitriptilini iondolewe kwenye maduka ya dawa kwa sababu hiyo.

Sifa moja ya mashine hii ndiyo inayoamua itolewe vipi. Nafuu yake ni ya papo hapo na ya saa chache. Haiponyi neva, inaifungia mlango kwa muda. Basi mashine iliyowekwa juu ya meza ya fiziotherapia pale Kisarawe mjini, ambayo mgonjwa anaunganishwa kwa nusu saa mara moja kwa wiki, haimsaidii kitu mama wa Maneromango anayeungua miguu saa nane za usiku. Kabla hajafika nyumbani, na nauli yake ikiwa imeshaliwa na barabara ya Mlandizi au ya Kisarawe, nafuu imekwisha. Kwake mashine ina maana ikiwa iko chini ya mto wake.

Ndipo hoja ya kuazimisha inapopata nguvu. Kwa kuwa hakuna ajuaye mapema nani atasaidika, kumwambia mkulima anunue ni kumchezesha bahati nasibu. Mashine ya kawaida kwenye masoko ya mtandaoni ina bei ya dola 20 hadi 40. Ishirini kwa dola 30 ni dola 600, chini ya bei ya bodaboda moja mpya. Halmashauri inayonunua bodaboda kwa ajili ya vikundi vya vijana haishindwi na fedha hiyo. Mgonjwa anaondoka na mashine kwa wiki mbili, jina lake na la mdhamini wake vikiwa daftarini, kama anavyoondoka na magongo. Ikimfaa anaendelea nayo. Isipomfaa anairudisha, na hajapoteza mbuzi. Uingereza, pamoja na ukali wa NICE, hospitali na kliniki za maumivu huwaazimisha wagonjwa mashine hizi wazijaribu kwanza.

Lakini kabla ya mashine kuna kazi isiyo na waya wala kitufe. Mtu lazima apimwe sukari. Lazima avue viatu. Tanzania si mgeni wa jambo hili: kuanzia 2004, mradi wa mguu wa kisukari uliojulikana kama Step by Step ulifundisha jozi za madaktari na wauguzi wa hapa nchini kukagua nyayo, kazi iliyoongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Kifaa kikuu ni uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Asiyeusikia kwenye wayo amepoteza ulinzi wa mguu wake. Na kuna dodoso la Kifaransa, DN4, lenye vipengele 10 vya kuuliza na kupima: je, inaungua, kuna shoti, kuna ganzi, kuna kuwasha? Alama 4 au zaidi zinaelekeza kwenye neva. Linamalizika kabla uji haujapoa.

Kuruka hatua hiyo ni hatari, na hapa stendi inastahili lawama yote. Ngozi isiyosikia haiwezi kusema "punguza". Stika ikibandikwa kwenye wayo uliokufa ganzi na umeme ukapandishwa mpaka "asikie", kinachofuata ni jeraha la kuungua kwenye mguu ambao hauponi. Mtaalamu anajua kuibandika juu zaidi, penye hisia, kwenye njia ya neva hiyo hiyo. Anajua kumuuliza mtu kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilimwekea betri ya moyo, maana mashine hizi mbili hazipatani. Anajua kwamba tumbo la mjamzito, mbele ya shingo na juu ya uvimbe wa saratani si mahali pa stika, na kwamba mwenye kifafa anahitaji daktari wake aulizwe kwanza. Na atamwambia bodaboda asiivae barabarani. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye kipaza sauti.

Yapo pia makosa madogo yanayoua matokeo. Watu wengi huiwasha kwa woga, umeme ukiwa chini mno. Inatakiwa iwe na nguvu ya kusikika vizuri bila kuumiza, kwa nusu saa hadi saa nzima, na irudiwe. Wanaoitetea TENS wanasema tafiti nyingi zilizoshindwa zilitumia umeme dhaifu, na wana hoja. Mwili nao huizoea ukiipata vile vile kila siku, kwa hiyo mapigo yanabadilishwa: leo 100 kwa sekunde, kesho 4, kila mpangilio ukiamsha njia zake za asili za kutuliza maumivu. Muhimu zaidi kwa Pwani ni stika. Zile zenye gundi, zinazokuja na mashine, hupoteza mshiko baada ya mara 20 au 30, na kwa jasho na vumbi la Kisarawe hazifiki hapo. Mashine nyingi hufia kabatini kwa kukosa stika, betri ikiwa bado nzima. Hospitali inunue pedi za zamani za mpira mweusi wenye kaboni, zinazopakwa jeli ile ile ya kipimo cha ultrasaundi na kufungwa kwa kitambaa. Hazipendezi machoni, na zinadumu miezi.

Nani aifanye kazi hii? Chuo cha fiziotherapia cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikitoa wataalamu tangu miaka ya 1970, na tiba kwa umeme ni sehemu ya mafunzo yao. Kuwaweka watu hao kwenye chumba kimoja na kuwapa mashine zisizotoka nje ni kuwafunga mikono. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Mmoja wao akipita Marui au Chole kwa mambo ya lishe na chanjo, haimgharimu kitu kuuliza mashine inaendeleaje na kuangalia ngozi chini ya pedi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na wanaopanga kitita wanaweza kufikiria pedi na betri kabla ya kufikiria makubwa.

Makubwa yapo na yanavutia. Iko mashine ya sumaku inayochochea ubongo kupitia fuvu, na miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 imeipa daraja la juu la ushahidi kwa maumivu ya neva. Bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na mgonjwa anatakiwa afike kila siku kwa wiki kadhaa. Siku Muhimbili au taasisi ya mifupa ya MOI wakiifanya huduma ya kawaida itakuwa habari njema kwa wanaoishi Ilala. Mama wa Maneromango atabaki pale pale.

Wapinzani watasema kwamba serikali isitumie hata shilingi kwa kitu ambacho ushahidi wake ni wa daraja la chini. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, na jibu lake liko kwenye daftari. Kila anayeazima aandike namba mbili kila usiku, kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, 0 hadi 10. Asiyejua kuandika, mjukuu ataandika. Baada ya mwaka, Tumbi na Kisarawe zitakuwa na kurasa za miguu ya Wazaramo, za mkanda wa jeshi na za majeruhi wa barabara ya Morogoro, na zitaweza kusema mashine iwafikie akina nani na iachwe kwa akina nani. Mradi wa nchi za Nordiki ulioanza Kibaha mwaka 1963, na ambao ndani yake Tumbi ilikulia, ulijengwa kwa ajili ya kupambana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Daftari la namba linagusa wote watatu kwa bei ya kalamu.

Ama stendi, iachiwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilipobadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019, chakula kilihamishiwa shirika la viwango, TBS, na vifaa tiba vikaingia kwenye jina lenyewe la mamlaka. Haitakiwi kupiga marufuku mashine. Marekani iliwahi kuwa na kifaa kilichoitwa Electreat, kilichosajiliwa mwaka 1919, kikauzwa kwa maelfu kikiahidi kutibu karibu kila kitu. Sheria mpya ya dawa na vifaa ya mwaka 1938 ilimfikisha mtengenezaji mahakamani. Akashindwa, na ikabidi apunguze ahadi zake hadi zibaki kwenye kutuliza maumivu. Hukumu hiyo ingefaa kabisa kwenye kipaza sauti cha stendi: uza, lakini futa presha, futa sukari, futa nguvu za kiume.

Siku ya kumi na nne mgonjwa wa Maneromango anarudi Kisarawe na mfuko wa nailoni. Mtaalamu anafungua daftari, anapitisha kidole kwenye namba za usiku, anamwambia mama avue viatu, naye anaangalia tena nyayo. Namba zikiwa zimeshuka kutoka 8 hadi 5, mashine inaandikwa miezi mitatu mingine na jeli inaongezwa. Zikiwa zimebaki 8, pedi zinafutwa kwa spiriti, betri mpya inawekwa, mama anaongezewa kidonge cha usiku, na mashine inapewa yule bodaboda mwenye mkono unaoning'inia, aliyekaa kwenye benchi nje tangu saa mbili asubuhi.